Krismasi Tuliyopamba kwa Lesi ya Majeneza

Ninakuandikia wewe uliyeshikwa na kiharusi upande mmoja. Wengine wakisoma, sawa, lakini maneno haya ni yako. Shule niliiacha darasa la pili, kwa hiyo usitafute hapa habari za mishipa na damu, hayo kawaulize waliosoma. Mimi najua yaliyonipata toka mvua ndefu mpaka Krismasi, na namna nilivyokataa.

Kazi yangu ni majeneza. Naisema wazi kwa sababu watoto wangu huipunguza, wanasema baba ni fundi wa mbao. Nilianza kwa kufagia vumbi la mbao kwenye karakana ya Mhindi mmoja hapa Kisumu, nikaiba ufundi kwa macho, kisha nikafungua karakana yangu kwenye barabara ya kwenda hospitali. Nusu ya marehemu wa kwetu Nyakach wamelala ndani ya kazi yangu na hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika.

Ugonjwa ulinikuta nikifunga kifuniko. Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea kwisha, na mvua ndefu ndiyo kwanza zimeanza. Nyundo ilidondoka. Niliinama kuiokota, mkono wa kulia ukakataa, nikautukana. Nikataka kumwita Ochieng', mwanangu wa kwanza ambaye tunafanya naye kazi, ikatoka sauti kama ya ng'ombe. Kulikuwa na wateja wawili waliokuja kuchukua sanduku la mama yao. Walinibeba wakanipakia kwenye pikapu waliyoileta kwa ajili ya sanduku. Sanduku likangoja.

Wodini nilikaa wiki tatu. Upande wangu wa kulia ulikuwa kama mtu mwingine tuliyelazwa naye kitanda kimoja, mtu asiyejibu salamu. Mate yalinitoka bila ruhusa. Nesi mmoja mfupi, jina lake sikulijua, alikuwa akipita ananipangusa kidevu huku anaongea na mwenzake habari za bei ya nyanya, kama anayepangusa meza ya nyumbani kwake. Hakunipa pole hata moja. Mpaka leo namshukuru.

Kisha nikarudishwa bomani kwangu, karibu na Katito, na hapo ndipo nilipokuwa mtu mbaya. Mke wangu Dorina alinilisha uji kwa kijiko, nikautema. Kula kwa mkono wa kushoto nilikataa. Kwetu mkono huo humpi mtu kitu nao wala hupeleki tonge kinywani, na mimi niliona afadhali njaa. Siku moja nilirusha sahani. Siku nyingine Dorina alikuwa ananipeleka chooni, mvua imenyesha, tukateleza, tukaanguka wote wawili, mimi juu yake. Alikaa kwenye tope akacheka kidogo, halafu akalia. Mimi nikamfokea kwa nini analia. Mgongo wake haujawa sawa tangu siku hiyo. Ninaliandika hili kwa sababu najua na wewe una lako.

Baada ya hapo Ochieng' aliamua. Kulikuwa na nyumba ya wazee upande wa Nyamasaria, inaangaliwa na masista. Akaniambia ni ya muda tu, kwa sababu kila Jumanne nilitakiwa hospitalini kwa mazoezi, barabara ya Katito ni mbali, na Mama hawezi tena kuniinua. Yote yalikuwa kweli. Lakini sikia na ukweli mwingine: mwanamume mwenye boma lake, mwenye lango lake, mwenye wana, hapelekwi kulala mahali pa watu wasio na mtu. Siku naingia pale nilifunika uso kwa kofia.

Jumanne ndizo zilikuwa kalenda yangu. Tulikaa kwenye benchi refu la ukutani, wa magongo na wa viti, toka saa mbili mpaka jina lako lisomwe. Benchi lile lilikuwa la mvule, na aliyelitengeneza aliunga vibaya. Nililitazama Jumanne nyingi, hasira ikanisaidia kungoja. Mama muuza chai wa pale alianza kuniwekea kikombe chenye mshikio mkubwa, bila kuniuliza. Ndani, mwalimu wa mazoezi, binti mkali kidogo, alinipa mpira wa vitambaa niufinye. Nilimwambia mimi si mtoto. Akajibu kwamba mtoto angekuwa ameshaufinya.

Kule nyumba ya wazee walikuwa wananiogopa. Habari ilifika kabla yangu kwamba anakuja fundi wa majeneza. Nikikaa kwenye meza, wenzangu wanahama na sahani zao. Aliyebaki ni Mama Njeri, mjane kutoka upande wa Nyeri, aliyeuza kabichi sokoni Kibuye miaka mingi mpaka miguu ikamshinda. Hakuwa na mtoto. Siku ya kwanza alinitazama akala, akanitazama tena.

"Mzee wa masanduku," akasema, "mdomo imepinda nusu lakini kiburi inatoka yote."

Nikamwambia anyamaze. Nilivyolitamka, hata mimi sikuelewa. Akacheka mpaka akakohoa, na kutoka siku hiyo tukala pamoja.

Miezi ilikwenda. Nilianza kusimama kwa fimbo. Maneno yakanyooka kidogo. Mkono ulibaki pale pale, unaning'inia.

Mwezi wa tisa Ochieng' alikuja kuniona, akakaa pembeni ya kitanda. Tulikuwa tunaongea habari za mbao, na nikamwona macho yake yanatembea. Yalianza begani, yakashuka mpaka kwenye vidole vya miguu, yakarudi, yakapita mabega kwa upana. Jicho lile nilimfundisha mimi. Fundi wetu hatoi futikamba mbele ya wafiwa, ni aibu, anapima kwa macho akiwa anatoa pole.

"Umepata ngapi?" nikamwuliza.

"Nini, Baba?"

"Nimekuona. Umepata ngapi?"

Aliinamisha kichwa. Sikumwacha, nilingoja. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Futi sita na inchi mbili."

"Ongeza inchi moja. Umesahau mto."

Alilia. Alisema hakukusudia, jicho lilijiendea lenyewe. Ninamwamini, kwa sababu na langu hujiendea. Lakini alipotoka nilijua kwamba kwa mwanangu mimi nilikuwa nimeshapita upande wa pili, na kilichobaki ni mbao.

Jioni hiyo hiyo nilimwuliza Sista Agatha, mkubwa wa pale, nifanye nini ili nitoke. Ni mwanamke asiyezungusha maneno. Alisema waliokuja kwa muda huamuliwa mwisho wa mwaka. Siku ya Krismasi familia zinapokuja kula na wazee wao, anaweka karatasi mezani, na anayewekewa sahihi anakuwa wa pale moja kwa moja. Mwanangu alikuwa ameshaulizia karatasi hiyo.

"Mzee, mimi sifungi mtu," akasema. "Lakini mkeo hawezi kukuinua. Mtu anayekwenda choo mwenyewe na kufunga suruali yake mwenyewe hanihitaji mimi. Asiyeweza, ananihitaji."

Suruali yangu ilikuwa na vifungo vinne. Nilivihesabu.

Mvua fupi zilipoanza, Sista alileta magazeti ya zamani, karatasi za rangi, gundi ya unga na mikasi. Akatuambia tupambe ukumbi wa kulia kwa ajili ya Krismasi, kila mtu afanye anachoweza. Wazee wakaanza kukata vipande, kuunganisha minyororo, kama watoto wa nasari. Mimi niligeuza kiti nikatazama ukuta. Mtu amejenga nyumba tatu, ameoza mabinti wanne, anaambiwa akate karatasi.

Ila kuna kitu kinaitwa fundi, na fundi hana adabu. Nilimwona Mama Njeri anakunja karatasi kutengeneza ua, na mikunjo yake ilikuwa mmoja mpana, mmoja mwembamba, kama paa la nyumba iliyoungua. Nilivumilia siku moja. Ya pili nikashindwa.

"Hayo si marinda," nikamwambia.

"Basi fanya wewe."

"Mkono hauna nguvu."

"Kukunja karatasi inataka nguvu? Mimi nilidhani inataka vidole."

Nilichukua ile karatasi kwa kushoto, nikaiweka mezani, nikaupandisha mkono wa kulia juu ya meza kama unavyopandisha gunia. Nikakunja kwa kushoto, nikalalia mkunjo kwa kidole gumba cha kulia. Kidole hakikufinya. Kilikaa tu kwa uzito wake, kama jiwe. Lakini jiwe pia ni kazi. Nilifanya marinda manne na jasho likanitoka hadi mgongoni. Karatasi ikapasuka. Karatasi ni kitu duni, haishiki mkunjo wa mtu mgonjwa.

Nikamtuma mtu kwa Ochieng' aniletee mabaki ya karakana. Kila sanduku ninalolitengeneza hupambwa ndani kwa satini nyeupe iliyokunjwa marinda, na kuzunguka ukingo inapita lesi, imegongewa misumari midogo yenye vichwa vya dhahabu. Vipande vinavyobaki hatutupi. Ochieng' alileta boksi zima, bila kuuliza.

Ndugu yangu, kile kitambaa mkono ulikikumbuka. Sisemi ulipona. Ulikikumbuka, kama ng'ombe anavyokumbuka njia ya maji. Kila asubuhi baada ya uji tulikaa, mimi nikaonyesha wazee namna ya kukunja, kulalia, kushona nyuma. Tulifanya maua, tukafanya nyota za pembe sita juu ya vipande vya mbao nyembamba, tukafanya kamba ndefu za marinda za kuzungusha ukumbi. Aliyetushinda wote ni Mzee Nyakwaka, kipofu, ambaye maisha yake yote alishona nyavu za samaki kule ziwani Dunga. Marinda yake yalikuwa sawa hata ukipima kwa rula. Alikuwa akiniambia nikikunja vibaya, kwa kusikia tu jinsi kitambaa kinavyolia. Jumanne moja yule binti wa mazoezi alinipa mpira, na kidole gumba kikazama ndani yake. Aliandika kwenye karatasi yake, na aliandika kwa nguvu.

Wiki moja kabla ya Krismasi tulimaliza. Ukumbi ulikuwa mweupe ukuta hadi ukuta, dari lote mawimbi, ukingoni lesi, na vichwa vya dhahabu vinang'aa. Nilikaa katikati na fimbo yangu nikajisifu kimoyomoyo, na kwa sauti pia.

Ndipo akaingia Mama Salome, aliyekuwa amelala na malaria siku zote tulizokuwa tunatundika. Alisimama mlangoni. Alitazama juu, akatazama pembeni, akashika mdomo.

"Hii lesi ilikuwa kwa sanduku ya mume wangu," akasema. "Hii hii. Mumetuweka ndani."

Na ilikuwa kweli. Sikuwa nimeliona. Miezi miwili nilikuwa nimefanya kile tu nilichojua kufanya, kwa mpangilio ule ule, marinda chini, lesi juu, misumari ukingoni. Nilikuwa nimetengeneza jeneza moja kubwa na kuwaalika wazee thelathini waje wale kuku ndani yake.

Adhuhuri hiyo karibu wote walikataa kuingia kula. Wengine walichukua sahani zao wakakaa nje chini ya paa la jikoni na mvua inanyesha. Mmoja aliomba kwa sauti. Sista Agatha alikuja na ngazi, akaniambia kwa upole kwamba mapambo lazima yashuke.

Nilikataa. Nilisema kitambaa hakina kosa, kosa ni la waoga. Nilisema wazee hawa wameshazika wazazi, wameshazika watoto, sasa wanaogopa marinda. Nilisema mengi, na mate yakanitoka, na hakuna lililosaidia, kwa sababu nilikuwa natetea mkono wangu na kila mtu alilijua hilo. Ngazi ikaegemezwa ukutani.

Mama Njeri alikuwa amebaki mezani peke yake, anakula.

"Sista, ngoja," akasema. Alimaliza kutafuna. "Mimi sina mtoto. Siku nikifa mtaniweka kwa mbao tupu, na ni sawa, kwani nitajua? Huyu mzee amewapamba watu mia ngapi, na hakuna mmoja aliyefungua macho akaona. Kama hii lesi ni ya kufa, basi nipe yangu sasa nikiwa na macho."

Akarudi kwenye ugali wake. Mzee Nyakwaka, aliyekuwa mlangoni, alipapasa mpaka kwenye kiti kilicho karibu naye akakaa. Alisema yeye haoni rangi, lakini anasikia njaa. Mama Salome ndiye aliyechelewa. Aliuliza kwanza kama haiwezi kuwa na rangi nyingine japo kidogo, ili moyo wake usimpeleke mahali pale.

Rangi tuliipata kwa Sista: chupa kubwa ya dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, ya siku nyingi, isiyofaa tena. Tukachovya lesi yote, tukaacha satini nyeupe. Mpaka mwaka mpya mikono ya nyumba nzima ilikuwa ya zambarau, na Padri alipokuja kutupa komunyo alitazama vidole vyetu mara mbili.

Mama Njeri alifariki mwaka uliofuata, wakati wa mvua ndefu. Sanduku lake nilisimamia mimi. Ndani sikuweka lesi, kwa sababu yake alishaipata akiwa na macho.

Lakini Krismasi hiyo alikuwa bado nasi, na ilikuwa siku ya jua kali. Dorina alikuja na leso mpya, ameshika mgongo. Ochieng' alikuja amevaa shati na tai, kalamu mfukoni. Walipoingia ukumbini aliinua macho, na nikamwona anaijua kazi. Alitazama pembe, akatazama mistari, akatafuta kosa kama nilivyomfundisha.

"Nani amekunja hii, Baba?"

"Mimi na hawa."

Akapitisha kidole kwenye rinda moja. Sista aliweka karatasi mezani, pilau na kuku vikiwa njiani. Ochieng' alitoa kalamu. Alianza kunieleza taratibu, kama unavyoeleza wafiwa, kwamba hakuna anayenitupa, kwamba Mama amechoka, kwamba ni nani atakayenipeleka chooni.

"Mimi," nikasema. Nikainuka.

Choo kilikuwa nje, ng'ambo ya bustani ya sukuma wiki, hatua arobaini na kitu kwa mtu mzima, na kwangu safari. Nilisema mtu yeyote akinigusa nitampiga na fimbo, na nilimaanisha. Nilitoka. Nyuma yangu chakula kilifika ukumbini na hakikuguswa. Walinisimulia baadaye kwamba Mzee Nyakwaka ndiye aliyekuwa redio. Alitega sikio akatangaza: amefika kwenye sukuma, amesimama, anapumua, amefika, mlango umelia.

Yaliyotokea ndani ni yangu na kifungo. Nitasema tu kwamba yalichukua muda mrefu kuliko misa. Kulala juu ya kitambaa kidole gumba kilikuwa kimejifunza, na kifungo ni nini kama si kitambaa na kitu kidogo kigumu. Cha kwanza kiliingia. Cha pili kiliingia. Cha tatu nilikitukana kwa Dholuo kikaingia. Cha nne kilinishinda.

Wakati wa kurudi, goti liliniachia katikati ya bustani. Nilienda chini kwa mkono mmoja juu ya majani. Mzee Nyakwaka alipotangaza kwamba nimeanguka, Dorina aliruka kutoka kwenye kiti, na Mama Njeri akamshika leso.

"Acha," akamwambia. "Ukimwinua leo, utamwinua kila siku."

Kwa hiyo nilijiinua. Sikuwa mzuri kutazama. Nilishika fimbo, nikasukuma, nikateleza, nikasukuma tena, kuku wa watu wamepoa. Nilipoingia ukumbini suruali ilikuwa na udongo gotini na kifungo kimoja wazi. Ochieng' alikiona. Alinyoosha mkono kukifunga, kisha akaurudisha mwenyewe, akarudisha na kalamu.

Dorina alinitazama. Aliniuliza kama nitakuwa narusha sahani tena. Nilimwambia hapana. Akauliza kama nitakula kwa kushoto bila kelele. Hilo lilichukua muda zaidi. Nilishika kijiko kwa mkono wa kushoto mbele ya watu wote, nikala pilau ya baridi, na mbingu hazikuanguka.

Sasa wewe uliyelala hapo. Mkono wangu haujarudi wote na hautarudi. Nyundo siiwezi. Mguu unaburuta, na siku za baridi mdomo hupinda tena. Sikudanganyi kwamba utapona. Nakuambia utafute kazi ambayo mkono wako uliipenda, hata kama ni ya kuchekwa, uupandishe mezani kama gunia na uukumbushe. Na usimrushie sahani anayekulisha. Hilo lingine nimejifunza kwa kuchelewa.

Mwezi wa kwanza, kiangazi kimekaza, nilirudi karakana. Nilikaa kwenye stuli karibu na mlango, mkono wa kulia pajani, nakunja satini. Akaingia mtu amevaa koti, amefiwa na baba. Alinitazama, akaona mdomo, akaona mkono, akanipita. Akaenda moja kwa moja kwa Ochieng' akamwuliza ni nani mwenye kazi hapa ambaye anaweza kuongea naye.

Ochieng' hakuacha kupiga randa.

"Umempita mlangoni," akasema. "Rudi umsalimie kwanza."